Ulitaka Gari Lizame?

Somo: 2 Samweli 12:1-13, Mithali 28:13, Marko 7:20-23

Leo nimebeba neno ambalo limeniuma mimi kwanza kabla halijawafikia ninyi, kwa hivyo nisikilizeni kwa subira hadi mwisho. Tafadhali asitoke mtu katikati.

Wiki kadhaa zilizopita mama mmoja wa kanisa hili alinijia ofisini baada ya ibada. Hata kiti alikataa. Akaniambia, "Pasta, msichana wangu siku hizi anaoga mlango ukiwa wazi. Nikiufunga analia. Ni ile sinema vijana walionyeshwa hapa." Nikashtuka. Nilijua vijana walikuwa na usiku wa filamu ukumbini, lakini nilidhani ni zile filamu za Yesu tulizozizoea. Nikamwita katibu wa vijana. Akaja, binti mwenye heshima zake, akasema, "Pasta, ni Psycho. Ni ya zamani, ya 1960. Haina hata rangi."

Mimi nilikuwa tayari kuhubiri Jumapili iliyofuata juu ya roho ya hofu inayoingia kupitia milango ya macho. Mahubiri nilikuwa nayo kichwani, mistari na yote. Lakini Roho akanizuia. Utahukumu kesi usiyoisikia? Nikamwambia katibu, "Leta hiyo sinema. Nitaiona kwa macho yangu." Jumanne jioni tukaketi ofisini, mimi, mke wangu na huyo katibu, kompyuta juu ya meza, chai kwenye chupa. Niliketi kama hakimu. Niliinuka nikiwa mshtakiwa.

Sinema yenyewe

Kwa wale hamjaiona, wacha niwaeleze kwa ufupi. Mwelekezi wake ni Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Inaanzia mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Kuna mwanamke anaitwa Marion Crane, karani katika ofisi ya kuuza nyumba na ardhi. Anampenda mwanamume aliyelemewa na madeni, na kwa sababu hiyo ndoa haiwezekani. Ijumaa moja mchana tajiri mmoja analeta dola 40,000 taslimu za kumnunulia binti yake nyumba ya arusi. Mwajiri anamwambia Marion azipeleke benki. Hazipeleki. Anazitia mkobani, anaingia garini, anatoroka kuelekea California.

Jumamosi usiku mvua inamshinda nguvu. Anasimama kwenye moteli ndogo, kando ya barabara ambayo magari yameiacha tangu ile kubwa ijengwe. Anayeisimamia ni kijana mpole, Norman Bates, anayesema anaishi na mama yake mgonjwa katika nyumba iliyo juu pale nyuma. Anamkaribisha mgeni, anampa mkate na maziwa, wanaongea. Na katika maongezi hayo dhamiri ya Marion inamchoma. Anaamua kwamba asubuhi atageuza gari arudishe zile pesa. Anachukua kalamu, anapiga hesabu ya kiasi alichokwisha kutumia. Kisha anaingia bafuni kuoga, na mtu anaingia na kisu.

Mwisho wake siusemi. Hitchcock mwenyewe aliwaomba watu wasiwaharibie wenzao kwa kuusimulia. Tena alitoa amri kwamba sinema ikishaanza, mtu yeyote asiingizwe ndani. Waliochelewa walipanga foleni nje wakingoja onyesho lijalo. Niliposikia hayo nikasema, Bwana, nipe mashemasi wa aina hiyo kwa ibada ya kwanza! Mnacheka, lakini mnajijua.

Damu ilitoka wapi?

Wakati huo watu walipiga mayowe kumbini. Wengi walirudi nyumbani wakaogopa kuoga. Janet Leigh, yule aliyeigiza kama Marion, alisema baadaye kwamba baada ya kujiona kwenye picha yeye mwenyewe aliacha kuoga kwa manyunyu. Kwa hivyo, mama, binti yako hayuko peke yake. Hata aliyeuawa kwa kuigiza tu alitoka pale na hofu.

Lakini sikilizeni ajabu hii. Tukio lile la bafuni halifiki dakika moja. Lilipigwa kwa muda wa wiki nzima hivi, vipande vidogo vidogo vikaunganishwa. Damu ilikuwa ni sharubati ya chokoleti. Sauti ya kisu ilipatikana kwa kuchoma tikiti. Muziki ni wa vyombo vya nyuzi peke yake, vinalia kama ndege aliyeshikwa na paka. Nilimwambia katibu arudishe nyuma, mara mbili, nikitafuta mahali kisu kinapoingia mwilini. Sikupaona vizuri. Na bado mara ya kwanza ningeapa kwamba nimeona jeraha kila mahali.

Sasa niulize swali. Kama skrini haikunionyesha jeraha, nililitoa wapi? Nililitoa hapa, moyoni. Mwelekezi alileta pazia, tikiti na fidla. Mimi nikaleta damu. Yesu aliwaambia wanafunzi wake katika Marko 7 kwamba kinachomtia mtu unajisi ni kile kinachotoka ndani yake, na akataja uuaji na wizi katika orodha hiyo, akisema vyote hutoka moyoni. Tunapenda kusema uovu uko kwa televisheni, uko kwa simu, uko Hollywood. Uko huko, sikatai. Lakini una ndugu yake anayeishi ndani yetu, na wakikutana wanatambuana haraka sana.

Wazazi, sijasema kila kitu kinafaa kila mtoto. Bodi ya kuainisha filamu hapa Kenya huweka alama za umri, 16 na 18, kwa sababu nzuri. Usiku ule kulikuwa na watoto wa kidato cha kwanza ukumbini, na hilo lilikuwa kosa. Nimeliombea msamaha kwa yule mama, na kuanzia sasa mzee mmoja ataitazama kila filamu kabla ya vijana. Msichana tulimwita, tukamwombea, na mke wangu akamweleza habari ya tikiti na chokoleti. Alicheka. Mama yake ananiambia mlango sasa unafungwa nusu. Tunamshukuru Mungu kwa nusu.

Hiyo ndiyo kesi niliyoitwa kuamua, na imeisha. Ninayokuja nayo sasa ni ile niliyoikuta nikiwa nimeketi pale.

Gari kwenye kinamasi

Baada ya mauaji, kijana Norman anakuta maiti. Mtazamaji anaelewa kwamba kijana anamfichia mama yake. Anachukua ndoo na ufagio wa maji, anasafisha bafu. Anasafisha polepole, kona kwa kona, kama mtu mwenye bidii ya kazi. Anafunga maiti kwenye pazia la bafu, anaitia kwenye buti ya gari la marehemu. Anakusanya vitu vyake vyote. Kuna gazeti lililobaki mezani, na sisi tunajua zile dola zimefungwa ndani yake. Yeye hajui. Analichukua, analitupa kwenye buti pia. Kisha anasukuma gari kwenye kinamasi nyuma ya moteli.

Gari linaanza kuzama. Kijana anatazama huku anatafuna kitu. Linazama, linazama, halafu linasimama. Paa bado liko juu. Haliendi.

Wapendwa, pale ofisini sote watatu tulinyamaza. Chai ilikuwa mkononi na sikuinywa. Kijana anageuza kichwa huku na huku kuona kama kuna mtu. Halafu gari likashuka tena, matope yakalifunika, likaisha. Na mimi, mchungaji wenu, nilishusha pumzi. Nilisema kwa sauti, "Afadhali!"

Katibu wa vijana akasimamisha picha. Hakucheka. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Pasta, kumbe ulitaka lizame?"

Sikuwa na jibu. Muda mfupi tu kabla ya hapo nilikuwa namlilia yule mwanamke. Alikuwa ameshaamua kutubu! Sasa yuko ndani ya buti, na mimi namwombea anayemficha afanikiwe. Nilibadilisha upande lini? Hakuna aliyenilazimisha. Nilichoonyeshwa ni kijana mwenye wasiwasi, anayefagia vizuri, anayetetea mama yake, na moyo wangu ukahama.

Baadaye nikaambiwa kwamba hilo halikunipata mimi peke yangu. Hitchcock alilipanga. Alimweleza mwelekezi Mfaransa François Truffaut kwamba katika filamu hii aliwaelekeza watazamaji, akiwapiga kama mtu anavyopiga kinanda. Alijua gari likisimama ukumbi mzima utataka lizame. Alitujua vizuri kuliko tunavyojijua. Hakuwa nabii, lakini alikuwa amegundua jambo ambalo nabii mmoja alilijua kabla yake.

Mfalme naye alikuwa mtazamaji

Fungueni 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria. Mimba imeingia. Amemwita Uria kutoka vitani akitumaini mambo yatafunikika, yakakataa. Ameandika barua ya kumwua, na barua yenyewe ikabebwa na Uria kwa mkono wake mwenyewe hadi kwa Yoabu. Uria akafa. Mjane akaomboleza, kisha akaletwa nyumbani kwa mfalme, na mtoto akazaliwa. Hesabuni miezi. Gari limezama kitambo, wapendwa. Maji yametulia. Daudi anakaa barazani anaamua kesi za watu.

Nathani anakuja, na haanzi na mashtaka. Anamletea mfalme hadithi. Kulikuwa na tajiri mwenye mifugo mingi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelelewa pamoja na watoto wake. Mgeni akafika kwa tajiri, na tajiri akaenda kumchinja yule mmoja wa maskini. Daudi akawa mtazamaji. Akasahau ni mfalme, akasahau na Uria, akawaka hasira kwa sababu ya kondoo. Huyu mtu afe! Tena alipe mara nne!

Ndipo Nathani alipomgeuzia maneno: mtu huyo ni wewe, mfalme.

Mnaona tofauti ya Daudi na mimi? Daudi alipoonyeshwa hadithi, angalau moyo wake ulisimama na maskini. Mimi nilipoonyeshwa hadithi, moyo wangu ulisimama na mwenye kuficha. Usiku huo sikulala. Nilimwuliza Mungu, "Kwa nini niliona afadhali?" Na Mungu alinijibu bila radi wala malaika. Alinikumbusha pikipiki.

Pikipiki

Wengi wenu mmeipanda ile pikipiki. Ndiyo niliyokuja nayo mtaani hapa kuanzisha kazi hii. Nimesimama madhabahuni hapa si mara moja wala mbili nikashuhudia kwamba Bwana alinipa pikipiki wakati sikuwa na kitu, na mkapiga makofi.

Ukweli ni huu. Kaka yangu mkubwa alifariki 2009, akaacha mjane na watoto wawili. Mwaka uliofuata, shemeji akiwa hospitalini na mtoto, sisi ndugu tuliobaki tuliuza kipande cha shamba. Kilikuwa upande wa marehemu. Nilijua. Tulisema ni mambo ya familia, tunalinda jina la baba, kuna madeni ya mazishi. Nilitia sahihi. Fungu langu lilinunua pikipiki. Shemeji aliporudi akakuta ua mpya, akaambiwa mpaka ulikuwa pale tangu zamani. Hakuwa na mume wa kumsemea. Akanyamaza.

Miaka ikapita. Kila nilipokwenda nyumbani Krismasi nilikuwa natazama ule ua kwanza, kama yule kijana anavyotazama huku na huku. Hakuna aliyesema kitu. Nikashusha pumzi. Afadhali. Nimekuwa nikisema afadhali miaka yote hiyo, na sikuwa najisikia mpaka binti wa watu aliposimamisha picha.

Nimeeleza mke wangu. Hakuwa akijua, na hilo ni jeraha tunaloliuguza nyumbani, mtuombee. Kisha nilikwenda kwa shemeji. Alinipa chai. Nilimweleza yote. Kwa kawaida huniita Pasta, lakini siku hiyo aliniita shemeji. Hakulia wala hakunikumbatia, na hakusema amenisamehe. Aliniuliza maswali mawili. Hati ya shamba iko kwa nani? Na haya unayoniambia jikoni, utayasema mbele ya wazee wa ukoo?

Nimesema nitayasema. Tunakutana Jumamosi ijayo. Aliyenunua kile kipande hakuwa na hatia, amejenga, ana watoto pale. Kwa hivyo ardhi yenyewe hairudi kirahisi. Nitalipa kwa bei ya leo, hata kama itanichukua miaka. Zakayo hakuishia kusema samahani, alitaja hesabu. Wazee wa kanisa hili nimewaambia Alhamisi. Wameamua nisisimamie Meza ya Bwana hadi jambo hili litengenezwe, na nimekubali. Wao ndio walioniruhusu niyaseme haya leo, ili msiyasikie sokoni.

Asubuhi ya Marion

Nirudi kwa yule dada kidogo, nimalizie. Katika sinema yote, Marion ndiye aliyeamua kurudisha. Alikuwa na hesabu kwenye karatasi. Shida ilikuwa moja: alisema asubuhi. Usiku ule alioga kama mtu aliyekwisha tua mzigo, na pesa bado zilikuwa mezani ndani ya gazeti.

Kuna ndugu hapa ameshaamua kurudisha. Hesabu unayo. Unangoja mvua ya masika, unangoja mtoto amalize shule, unangoja mwenye haki afe ili usimtazame machoni. Waebrania wanatuambia siku ya kuisikia sauti yake ni leo. Mithali 28:13 inasema anayefunika dhambi zake hatafanikiwa, bali anayeziungama na kuziacha ndiye anayepata rehema. Angalieni: kuziungama na kuziacha. Kwangu, kuacha kuna bei kwa shilingi.

Sijawaambia mwende mkaitazame Psycho. Wengine haiwafai, na mna ruhusa ya kutoiona maisha yenu yote. Lakini mko na hadithi mnazotazama kila jioni, sinema, vipindi, hata habari za saa moja, hata umbea wa jirani. Usiulize tu kama hadithi ni safi. Jiulize ulipokuwa unatazama ulitaka nani ashinde, na ulishusha pumzi wapi. Palipokufariji siri ilipofichika, hapo chimba. Yawezekana kuna paa la gari.

Daudi alipoambiwa ni wewe, hakumfukuza Nathani. Alisema ametenda dhambi juu ya Bwana, na nabii akamjulisha kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Msamaha ulikuja haraka, ingawa nyumba yake ilibaki na machozi. Mungu wetu hafurahii kutuaibisha. Anayatoa maji kinamasini ili aliyezikwa humo apate haki yake, na aliyezika apate kupumua.

Tuombe

Bwana, umetuona tulipokuwa tunatazama. Ulijua tulitaka lizame. Tuhurumie. Wape nguvu walioshika hesabu mkononi wasilale nayo usiku mwingine. Wakumbuke wajane ambao ua ulisogezwa wakiwa hospitalini. Mkumbuke shemeji yangu. Usimharakishe kunisamehe kwa ajili ya raha yangu. Na yule binti mdogo mpe usingizi mtamu, na mlango unaofungwa bila hofu. Katika jina la Yesu. Ameni.

Baada ya ibada ofisi iko wazi. Sitakuwa mimi, wazee wawili na mama mchungaji ndio watakaoketi pale. Ukiwa na neno la kurudisha, ingia. Hawatakuuliza mengi. Watakuuliza tu ni la nani, na utalirudisha lini.